Nani Alikuwa Anazizamisha Okidi za Baba?

Jamani, mmeshawahi kuona ua linakufa kwa kuzama, tena ndani ya nyumba, na hakuna anayelimwagilia?

Mimi nimeona.

Na siyo moja. Manne, ndani ya wiki sita.

Kila asubuhi nanyanyua chungu, kizito. Naingiza kidole, maji. Namuuliza Baba, "Umemwagilia lini?" Ananijibu bila wasiwasi, "Ijumaa, mwanangu. Si unajua siku yangu ni Ijumaa?"

Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nitawasimulia yote, hata pale ninapojivua nguo mwenyewe, kwa sababu nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa kushona. Mtaani wananiita Cherehani, na siyo kwa ajili ya kazi tu. Nikianza kuongea sisimami mpaka uzi ukatike.

Ndoa yangu ilivunjika, nikarudi kwa Baba na mashine yangu. Nikafungua kazi chumba cha mbele. Mama alikuwa ameshatangulia. Vyumba vya nyuma anakaa kaka yangu, fundi bomba, na mkewe, yaani wifi yangu, anayeuza duka la dawa. Basi, tuko wanne tu. Shikeni hapo.

Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na ushee. Siku moja gogo likaingia likiwa na mmea umeng'ang'ania ubavuni. Wenzake wakasema lipite hivyo hivyo kwenye msumeno. Baba akakataa. Akaubandua kidogo kidogo, akaufunga kwenye shati lake, akaja nao nyumbani kifua wazi.

Mama akamuuliza, "Ndiyo mshahara huo?"

Lakini mmea ulipochanua, maua meupe yamejipanga kwenye kikonyo kimoja, Mama ndiye aliyeupa jina. Bibi Harusi.

Kutoka hapo zikawa okidi kumi na moja kwenye kibaraza chetu. Kila moja na jina lake. Kuna Mvivu, haichanui mpaka uikatie tamaa. Kuna Karani, imenyooka utafikiri inasubiri bosi apite. Baba anaongea nazo kuliko anavyoongea na sisi.

Na alinifundisha. Sitasema hakunifundisha.

"Ukitaka kuiua okidi, ipe udongo," alikuwa anasema. "Hii haijazoea kuzikwa. Imezoea kushika mti, mizizi inapigwa na upepo. Kwa hiyo na wewe uipe mti."

Mti wenyewe ni magome. Kila mwezi Baba alikuwa anachukua kiroba chake, anatembea mpaka kiwandani kwake kwa zamani, anachagua magome. Anayaloweka usiku kucha. Anayachekecha vumbi litoke. Anayachanganya na vipande vya mkaa, kila kipande saizi ya kiungo cha kidole gumba.

"Vikiwa vidogo vinabanana, maji hayatoki. Vikiwa vikubwa, maji yanapita kama mgeni mwenye haraka."

"Sasa nimwagilie lini, Baba?"

"Usiniulize siku. Nyanyua chungu. Kikiwa chepesi, kina kiu. Angalia na mizizi. Ikiwa myeupe kama majivu, mpe maji. Ikiwa ya kijani, ondoka hapo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Baba hakuwa na siku. Mkono ulikuwa unamwambia.

Halafu, kama mwaka na nusu hivi uliopita, akaanza kusema siku yake ni Ijumaa. Mimi na domo langu lote hili sikumuuliza kwa nini.

Shida ikaanza mwezi niliopata kazi ya sare za shule.

Nilishangilia mpaka nikajikwaa. Sare mia mbili! Sasa kitambaa kile kina tabia ya kuruka, yaani kufupika, kikifuliwa, kwa hiyo lazima nikiloweke, nikianike, ndiyo nikate. Ikawa kila asubuhi kamba zote zimejaa vitambaa. Kamba tatu, upepo wa kutosha, na vibanio havitoshi.

Vibanio vya nguo ndani ya nyumba yetu vilikuwa vinatembea. Nikikosa kwenye kamba navikuta kibarazani, vimebana midomo ya vyungu vya Baba. Nikasema moyoni, mzee naye na michezo yake. Navichomoa, naenda kuanika. Kesho tena vimerudi kwenye vyungu. Nachomoa tena.

Wa kwanza kufa alikuwa Karani.

Majani yaligeuka njano, shina likawa jeusi chini, likatoa harufu ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni. Nikaling'oa. Mizizi yote imelainika. Ukiushika mmoja, ngozi inavuka kama soksi, unabaki na uzi katikati.

Baba alikaa kwenye kigoda akaishika ile mizizi.

"Imezama," akasema.

"Imezamaje na wewe unamwagilia Ijumaa tu?"

"Labda magome yamechoka," akasema. "Gome likizeeka linaoza, linashika maji kama godoro."

Sawa. Tukabadilisha magome yote. Mimi nashika, yeye anaelekeza kutoka kwenye kigoda. Niliona mikono yake inatetemeka akichagua mkaa, nikadhani ni uchungu wa Karani. Tulitoboa mpaka vyungu, matundu yakaongezeka.

Wiki mbili baadaye, maji. Magome mapya, mkaa mpya, matundu mapya, na chungu kizito kama kimejazwa mawe.

Wa pili akafa. Wa tatu. Wa nne.

Nikamwita Kaka aangalie kama bomba linavuja au paa. Akapanda, akashuka, akajifuta mikono.

"Hapa hakuna kinachovuja, Cherehani. Labda kichwa chako."

"Basi kuna mtu anazimwagilia."

"Nani sasa amwagilie maua ya mzee kwa siri? Jini?"

Lakini moyoni nilishampata mtu.

Wifi.

Msinitazame hivyo. Wifi alikuwa amelalamika mara mbili kwamba vyungu vinaleta mbu. Na kuna siku alisema, anacheka, ameshika kikombe cha chai, "Ipo siku nitazitia dawa zote hizi tulale kwa amani."

Ulikuwa utani. Ila mimi utani wa mtu nauweka kabatini, siku nikiuhitaji nautoa umepigwa pasi.

Siku chungu cha Bibi Harusi kilipolowa, nikautoa.

Ilikuwa Jumamosi, wateja wangu wawili wako mlangoni wanasubiri nguo. Wifi anatoka na mkoba wake kwenda dukani. Nikamsimamisha katikati ya ua.

"Wifi, ua la marehemu mkwe wako limekukosea nini?"

"Ua gani tena, wifi?"

"Usijitie hujui. Kikulacho ki nguoni mwako. Unamnyonga baba wa watu polepole, halafu unamwamkia asubuhi na tabasamu!"

Nilisema mengi. Mengine siwezi kuyaandika hapa. Niligusa mpaka jambo la yeye kutozaa, Mungu anisamehe, na wateja wanasikia.

Wifi aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema tu, "Sijawahi kugusa chungu cha Baba hata kwa kidole." Akaondoka. Na tangu siku hiyo hakuniita tena wifi.

Baba alikuwa dirishani. Alisikia yote.

Sasa mimi, kwa kiburi, nikataka nimkamate Wifi papo hapo. Jumanne iliyofuata nikaamka kabla hakujapambazuka vizuri, nikajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kazi, naangalia kibaraza.

Mlango ukafunguka.

Akatoka Baba. Na birika.

Alienda kwa Bibi Harusi kwanza. Akainama. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa chungu, akazungusha taratibu, duara zima, kama anatafuta kitu. Akasimama. Akatikisa kichwa. Akamimina maji.

Akaenda kwa Mvivu. Kidole, duara, kichwa. Akamimina.

Sikuweza kuangalia zaidi. Nilijitupa kitandani nikauma mto ili asinisikie.

Laiti ningesubiri dakika mbili. Dakika mbili tu!

Jioni nikamwambia Kaka. "Ni Baba. Anazimwagilia kila siku, halafu hakumbuki. Kichwa kinaondoka."

Kaka alikaa chini kwenye ngazi. Mwanaume yule sijawahi kumwona analia, siku ile alijifuta uso na kofia ya kazi. Halafu akafanya kama wanavyofanya mafundi. Alipoona panavuja, akafunga kila kitu.

"Mama wa mwenzangu kazini alisahau jiko la gesi. Wamemzika mwezi uliopita," akasema. "Mimi sisubiri."

Akaamua kuuchukua ufunguo wa geti. Akachukua birika. Kwenda kiwandani marufuku. Vyungu saba vilivyobaki akavihamishia nyuma, kwenye dirisha lake, nivitunze mimi.

Baba aliitwa sebuleni akaambiwa. Nilitegemea agombe. Baba yangu mimi namjua, ukimgusia magome yake anakurukia.

Hakugomba. Alitoa ufunguo mfukoni mwenyewe, akauweka mezani.

"Mmeona vizuri," akasema. "Nami nilikuwa nahisi."

Wiki tatu zikapita. Baba anaamka, anakaa, analala. Chakula anakichokonoa. Mwanzo alikuwa ananiuliza, "Bibi Harusi yuko vipi?" Nikimjibu, anaitikia. Halafu akaacha kuuliza.

Na kibaya zaidi, maua yalianza kupona. Nilikuwa namwagilia Ijumaa, basi. Mvivu akatoa jani jipya. Kaka akaileta habari mezani kabisa, hana nia mbaya, "Mnaona? Tangu mzee aache, zimepumua."

Baba alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini taratibu, akaomba aende kulala. Saa moja ya jioni.

Ni Bibi Harusi peke yake aliyebaki na hali mbaya. Nilimwangalia chini, mizizi yote imekwisha. Umebaki mmoja, mfupi, hauzidi kidole changu.

Sasa sikilizeni.

Jumapili moja nimelala na homa. Vitambaa vimelowekwa, vitaoza kwenye beseni. Wifi, pamoja na yote niliyomtendea, akatoka akanianikia. Hakuniuliza. Nasikia tu maji yanakamuliwa.

Baada ya muda akaja mlangoni kwangu. Ameshika kibanio kimoja.

"Nina swali," akasema. "Leo vibanio vimetosha. Wewe mwezi ule kila siku ulikuwa unalalamika havitoshi. Vingine vilikuwa wapi?"

"Kwenye vyungu vya Baba. Alikuwa na katabia ka kuvibana huko. Navitoa naanika."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi, akishaingia kunywa chai."

Wifi akaingia ndani. Akakaa pembeni ya kitanda changu. Nikaona machozi yanamjaa, na mimi sijui kosa liko wapi.

"Wifi," akasema, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Pale dukani wazee wengi wanasahau kama wamemeza dawa. Nawaambia, ukishameza, geuza kikopo juu chini. Ukikiona kimegeuka, umeshakunywa. Baba pia nilimwambia hivyo kwa dawa yake ya presha. Mwaka jana. Na hajawahi kukosea hata siku moja, namhesabia vidonge mimi mwenyewe."

Nikakaa kitako. Homa ikaniruka.

"Chungu hakigeuki," Wifi akasema. "Kwa hiyo akabana kibanio."

Yote yakanirudia akilini kwa mkupuo. Kidole kinazunguka mdomo wa chungu. Kinatafuta. Hakikuti. Kichwa kinatikisika. Maji yanamiminwa. Na zile dakika mbili ambazo sikuziangalia, alikuwa anabana vibanio vyake, kimoja kimoja. Na mimi asubuhi ile ile, macho yamevimba kwa kumlilia, nilienda nikavichomoa vyote saba.

Mzee alikuwa anasahau, ndiyo. Lakini alijua anasahau, na alishajitibu. Dawa yake nilikuwa naiiba mimi.

Tukaenda chumbani kwa Baba, mimi na Wifi. Nikapiga magoti. Nikamwonyesha kibanio.

"Baba, hiki kilikuwa cha nini?"

Akakitazama. Akatazama ukuta.

"Mikono yangu imekufa ganzi, mwanangu. Uzito siusikii tena. Na kichwa nacho siku hizi kinanichezea. Nikasema nikishawapa maji, nawabana mmoja mmoja. Ijumaa nikiamka naviondoa vyote, naanza upya." Akajitazama viganja. "Ilikuwa inakwenda vizuri. Halafu ikaanza kunishinda."

"Haikukushinda, Baba. Ni mimi nilikuwa navitoa. Naanikia nguo."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga.

"Kumbe," akasema. Tena polepole, "Kumbe."

"Kwa nini hukuuliza, Baba? Ulivyoona havipo, kwa nini hukunifokea?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho mtoto mdogo anakijua.

"Niliona kibanio hakipo, nikajua mimi ndiye nimesahau kukibana."

Hapo nikashindwa. Nililia mpaka Kaka akaja mbio akidhani Baba amekufa.

Wifi ndiye aliyemweleza Kaka, mimi bado nalia. Nikamwomba Wifi msamaha mbele yao wote, na Jumamosi iliyofuata nikawaita wale wateja wangu wawili, nikamwomba tena mbele yao, kwa sababu uchafu ulimwagwa hadharani. Akaniambia, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe, na sijamlazimisha.

Kaka akamrudishia Baba ufunguo. Baba akaupokea, akaupima mkononi, akamrudishia. "Kaa nao wewe. Nikiutaka nitaomba."

Mpaka leo, akitaka kutoka, anaomba. Mtu aliyekuwa anatoka kifua wazi na mmea begani bila kumuuliza yeyote.

Bibi Harusi tulimpandikiza upya, watu wanne kwenye ndoo moja ya magome. Ule mzizi mmoja tuliuegemeza kwenye kipande cha mkaa. Hajafa. Ametoa na mwingine, mweupe, wenye ncha ya kijani. Maua bado, na sijui kama Baba atayaona.

Nilinunua vibanio kumi na viwili vyekundu, nikamwekea kwenye bakuli lake. Nyumba nzima inajua, chekundu hakiguswi hata kama shuka linaburuzwa na upepo mpaka barabarani.

Kila Ijumaa anamwagilia mwenyewe, na birika lake. Mimi nasimama mbali. Anampa maji Bibi Harusi, anabana, halafu ananiita.

"Njoo ushike. Kipo?"

"Kipo, Baba."

Anahamia chungu kinachofuata. "Na hiki?"

"Kipo."

Mara saba, kila Ijumaa. Zamani hakuwa anauliza. Kabla yangu mimi alikuwa anajiamini mwenyewe, na hicho ndicho kitu nilichokichomoa ambacho sijui nakirudishaje.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi nina mdomo, na niliutumia kwa Wifi, kwa Kaka, kwa mtaa mzima. Mtu mmoja tu sikumuuliza swali moja tu.

Kabla hujasema mzee wako amechanganyikiwa, angalia kwanza mkononi mwako umeshika nini chake.